Gari la spoti linalokosa nguvu mara moja moja: njia nne za kutafuta tatizo, na ipi ikufae

Asubuhi, hapa Tanga, gari linatoka Raskazone likivuta vizuri. Saa nane mchana, ukitoka Kange kuelekea Pongwe, unakanyaga mafuta linajikokota, geji ya busti (mgandamizo wa hewa ambayo tabo inaisukuma kwenye injini) haipandi, na baada ya kilomita chache linarudi kuwa zima. Ukilifikisha gereji halionyeshi kosa lolote. Wenye Subaru Impreza na Forester za tabo, Mark II na Chaser za injini ya 1JZ, na Altezza zilizofunguliwa eksozi wanaijua hali hii, na wengi huishia kununua pampu, koili na sensa kwa zamu mpaka pesa zikate.

Zipo njia nne za kulitafuta tatizo la namna hii: kurekodi data gari likiendeshwa, kupima kwa geji na vifaa vya mkono, kurudisha vifaa vya kiwandani kimoja kimoja, na kubadilishana vipuri na gari zima. Kila moja ina mahali pake. Kinachoamua ni lini tatizo linatokea, una vifaa gani, na gari limebadilishwa kiasi gani.

Vigezo tunavyotumia

Kila njia tumeiangalia kwa mambo matano: inaweza kunasa tatizo likiwa linaendelea, au inasubiri gari lipoe gereji? Inahitaji vifaa gani? Inaona nini na haioni nini? Inapotosha wapi? Inamfaa nani? Kigezo cha kwanza ndicho kizito. Tatizo likiwa la kuja na kuondoka, kipimo cha gharama kubwa kilichofanywa gari likiwa zima kitakwambia gari ni zima.

Kwanza jua ni ukosefu gani wa nguvu

Hili halihitaji kifaa, na linapunguza nusu ya kazi. Gari hukosa nguvu kwa sura tatu, na mafundi wengi huzichanganya.

Ya kwanza ni kulegea: injini inazunguka laini, haitetemeki, lakini nguvu ni nusu. Hapo shuku hewa inayovuja, busti isiyofika, eksozi iliyoziba, au kontroli boksi (kompyuta ya injini) iliyorudisha nyuma muda wa cheche kwa sababu ya joto au kugonga (mafuta kulipuka vibaya ndani ya silinda). Ya pili ni kumisi: gari linatetemeka na kukohoa ukikanyaga. Hapo ni cheche au mafuta. Ya tatu ni kukata ghafla, unasukumwa mbele kana kwamba umekanyaga breki, kisha nguvu zinarudi. Mara nyingi huo ni ulinzi: busti imepita kikomo na kontroli boksi imefunga mafuta. Huonekana zaidi usiku na alfajiri hewa ikiwa ya baridi na nzito, hasa kwenye gari lililofungwa eksozi ya inchi 3 huku westigeti (mlango unaopunguzia tabo moshi ili busti isizidi) ikiwa ndogo ileile ya kiwandani.

Kuna mambo mawili pia ambayo si ugonjwa. Subaru za tabo zina intakula (kipozeo cha hewa inayotoka kwenye tabo) juu ya injini. Gari likisimama foleni mchana wa kaskazi, intakula inapata moto, na dakika chache za kwanza baada ya kuondoka nguvu hupungua. Likishapata upepo linarudi. Pia ukipanda Lushoto uko kwenye mita 1,400 hivi, ambako mgandamizo wa hewa ni kama kilopascal 86 badala ya 101 za pwani. Altezza isiyo na tabo itapoteza takriban asilimia 15 ya nguvu huko, na hakuna kipuri kitakachoirudisha.

Njia ya kwanza: kurekodi data gari likiwa barabarani

*Kunasa tatizo.* Hapa njia hii inazishinda nyingine. Simu inarekodi huku unaendesha shughuli zako, na gari likilegea una ushahidi wa sekunde hiyohiyo.

*Vifaa.* Adapta ya ELM327 (kifaa cha kuchomeka kinachosoma kompyuta ya gari) na programu kwenye simu vinatosha kwa magari mengi ya kuanzia katikati ya miaka ya 2000. Kwa ya zamani, angalia kwanza. Gari la Japani la miaka ya 1990 linaweza kuwa na tundu lenye umbo la OBD2 (mfumo wa kawaida wa kusoma data ya gari) lakini lisizungumze lugha hiyo: Subaru ina mfumo wake wa SSM, Nissan ina Consult. Utahitaji kebo na programu zinazoielewa kampuni husika. Kwenye Toyota nyingi za zamani kuna kiboksi chini ya boneti. Unaunganisha TE1 na E1 kwa waya, unawasha swichi bila kuwasha injini, kisha unahesabu mimweko ya taa ya cheki enjini. Hiyo inakupa kodi tu, haikupi data ya wakati halisi.

*Inaona nini.* Chagua vitu vinne au vitano, si ishirini, maana adapta hizi ni za polepole na ukiomba vingi kila kimoja kitasomwa kwa nadra. Anza na mizunguko ya injini, hewa inayoingia kwa gramu kwa sekunde, nafasi ya throto, muda wa cheche, na marekebisho ya mafuta (asilimia ya mafuta ambayo kontroli boksi inaongeza au kupunguza). Safari ya pili rekodi joto la hewa inayoingia na joto la maji.

Injini ya lita 2 ikiwa sailensa (inazunguka bila kukanyagwa mafuta) na imepata moto huvuta gramu 2.5 hadi 4 kwa sekunde. Ikikanyagwa mpaka mwisho, zidisha nguvu za farasi kwa 0.8: gari la farasi 250 linapaswa kukaribia gramu 200. Kama siku nzuri linafika 190 na siku mbaya linaishia 140 kwenye mizunguko ileile na throto ikiwa wazi kabisa, tatizo liko upande wa hewa, au sensa ya hewa inadanganya.

Marekebisho ya mafuta yakiwa kati ya -5 na +5 gari liko sawa, na mpaka 10 linavumilika. Yakiwa +15 au zaidi kwenye sailensa na kushuka karibu na sifuri ukipandisha mizunguko hadi 2,500, hewa inaingia mahali baada ya sensa. Yakiwa madogo kwenye sailensa na kupanda kadiri mzigo unavyoongezeka, shuku pampu, filta ya mafuta au sensa chafu. Muda wa cheche nao ulinganishe siku kwa siku: ukiona umerudi nyuma digrii 5 au zaidi kwenye mizunguko na mzigo uleule, kontroli boksi inasikia kugonga au inakimbia joto. Injini nyingi za tabo za Japani zilipangwa kwa petroli ya oktani karibu 100 inayouzwa kwao, na petroli ya pampu zetu haifiki hapo. Ukiongeza busti juu yake, muda wa cheche utachezacheza kulingana na joto la siku.

*Inapopotosha.* Data ni maoni ya sensa. Sensa ya hewa iliyolambwa na mafuta ya filta ya spoti husoma hewa kidogo, kontroli boksi inaongeza mafuta kurekebisha, na wewe unanunua pampu isiyo na kosa. Isafishe kwanza kwa dawa yake maalumu. Usitumie dawa ya kabureta wala kuigusa waya. Halafu kumbuka kwamba ukikanyaga mpaka mwisho marekebisho ya mafuta husimama, kwa hiyo sifuri pale haithibitishi chochote. Gari lililoongezewa busti linahitaji sensa ya oksijeni ya upeo mpana na geji yake. Kwa petroli na tabo, uwiano wa hewa kwa mafuta kwenye busti kamili ukae kama 11 hadi 11.8. Ukiona unapita 12.5, ondoa mguu papo hapo, kabla pistoni haijayeyuka.

*Inamfaa* mwenye gari linalofanya kosa barabarani tu, na aliye tayari kukaa na namba jioni akilinganisha safari nzuri na mbaya. Kwa kupima, tumia gia ya pili kutoka mizunguko 2,500 hadi 4,500 kwenye kipande kilicho wazi nje ya makazi, na msaidizi awe ndiye anayeangalia simu. Barabara ya Mombo kwenda Soni haifai kwa mbio za kupima: ni nyembamba, ina kona kali na korongo. Inafaa kwa jambo jingine, kuiweka injini kwenye mzigo wa muda mrefu kwa mwendo mdogo, hali inayofichua joto.

Njia ya pili: geji na vifaa vya mkono

*Kunasa tatizo.* Wastani. Geji ya mafuta na ya busti unaweza kusafiri nazo. Kipimo cha uvujaji na cha kompresheni ni vya gereji.

*Vifaa.* Geji ya mgandamizo wa mafuta, multimita, kompresa yenye regyuleta, kifuniko cha bomba la PVC na klampu, geji ya kompresheni, maji ya sabuni. Fundi mzuri wa Ngamiani au Chumbageni ana vingi kati ya hivi, na visivyokuwepo hutengenezwa.

*Inaona nini.* Inaona kile ambacho data hukisia. Anza na mafuta. Chomoa rilei au fyuzi ya pampu, acha injini izime yenyewe ili mgandamizo ushuke, kisha unganisha geji karibu na reli ya nozeli. Kwenye mifumo mingi yenye bomba la kurudisha mafuta, ukichomoa kipaipu cha vakyumu kwenye regyuleta utasoma bar 3 hivi, yaani psi 43. Ukikirudisha, sailensa itashuka hadi psi 33 au 38. Kanuni kubwa ni hii: kila busti inavyopanda, mafuta yapande kiasi kilekile. Busti ya bar 1 inataka mafuta ya bar 4. Yakibaki bar 3.3, pampu imechoka, filta imeziba, au waya wa pampu unakula volti. Mifumo isiyo na bomba la kurudisha haifuati kanuni hii. Hiyo hukaa kiwango kimoja.

Geji ifungwe nje kwenye waipa ili isomeke kupitia kioo. Usiingize bomba la petroli ndani ya gari kwa sababu yoyote. Na usipime injini ikiwa baridi tu. Pampu inayochoka hufanya kazi vizuri dakika ishirini za kwanza, kisha ikipata moto na tenki likipungua inalegea. Pima volti kwenye pampu yenyewe injini ikiwa na moto na taa zikiwaka: tofauti na betri ikizidi nusu volti, tafuta rilei, soketi au ethi iliyooza. Tanga hewa ya bahari haina huruma na soketi. Ukungu wa kijani kwenye pini za sensa, koili na ethi ya injini ni chanzo cha matatizo mengi yanayokuja na masika na kuondoka na jua.

Halafu hewa. Chomoa bomba baada ya sensa ya hewa, ziba mdomo wa kuingilia tabo kwa kifuniko cha PVC chenye valvu ya tairi, na pandisha upepo polepole hadi psi 10 au 15. Usizidi 20. Nyunyiza maji ya sabuni kwenye kila klampu, intakula, valvu ya kupumua (inayotoa hewa ya busti ukiondoa mguu) na gasketi ya manifoldi. Ukisikia upepo kwenye kifuniko cha oili, huenda unapitia valvu ya PCV (ya kutoa mvuke wa ndani ya injini), au injini imesimama huku valvu zikiwa wazi. Zungusha injini robo mzunguko kwa mkono ujaribu tena.

Eksozi ni ya kuangaliwa pia, hata kama katalisti (kichujio cha moshi) ilishatolewa, maana sahani za ndani ya silensa (boksi la kupunguza kelele za eksozi) huvunjika na kuziba njia kwa zamu. Weka geji kwenye tundu la sensa ya oksijeni: kwenye mizunguko 2,500 isizidi psi 3.

Kompresheni pima mwisho, injini ikiwa na moto, plagi zote nje, throto wazi, mafuta na cheche vimekatwa. Tofauti kati ya silinda ikizidi asilimia 10 hadi 15, acha kufukuza sensa.

*Inapopotosha.* Kipimo cha upepo kinasukuma kwa ndani, kwa hiyo hakiwezi kuonyesha paipu laini kabla ya tabo inayonyonywa na kubonyea gari likivuta. Silikoni nyembamba za bei rahisi hufanya hivyo zikipata moto, na zikipoa zinarudi umbo lake.

*Inamfaa* mwenye gari la zamani lisilotoa data, na yeyote ambaye rekodi imeshamwonyesha upande wa tatizo.

Njia ya tatu: kurudisha vya kiwandani, kimoja kimoja

*Kunasa tatizo.* Hainasi kosa. Inangoja uone kama limeacha kuja. Kama gari hulegea mara moja kwa wiki, utahitaji wiki kadhaa kwa kila kifaa.

*Vifaa.* Spana, na vile vifaa vya asili ulivyovitoa. Waliouza eakilina na valvu zao za kiwandani hawana njia hii.

*Inaona nini.* Inajibu swali moja kwa uhakika mkubwa: je, kosa limeletwa na nilichofunga? Anza na kidhibiti cha busti. Kitoe, na unganisha paipu moja tu, moja kwa moja, kutoka upande wa kompresa wa tabo hadi westigeti. Busti itashuka hadi kiwango cha springi, mara nyingi karibu bar 0.5. Kama gari sasa linavuta kwa usawa kila siku, hata kama ni dogo nguvu, umepata eneo. Pili, valvu ya kupumua inayomwaga hewa nje. Kwenye injini inayopima hewa kwa sensa ya mtiririko, hewa iliyomwagwa ilishahesabiwa, mafuta yanazidi kila ukibadilisha gia, na plagi zinapata masizi. Rudisha ile inayorudisha hewa kwenye paipu. Tatu, filta ya spoti iliyo wazi ndani ya boneti, ambayo inanyonya hewa ya moto na vumbi. Nne, plagi: kwa busti iliyoongezwa punguza mwanya hadi milimita 0.6 au 0.7, maana mwanya mpana hufanya cheche izimwe na mgandamizo.

*Inapopotosha.* Hatari iko hapa, na tunaisema kwa msisitizo: kama kontroli boksi imepangwa upya kwa ajili ya nozeli kubwa au bomba jipya la sensa ya hewa, usirudishe hivyo viwili bila kurudisha programu ya asili. Hewa na mafuta havitalingana, na injini inaweza kufa kwa safari moja. Kosa jingine ni kurudisha vitu vitatu jioni moja, kisha usijue kipi kilikuwa na kosa.

*Inamfaa* aliyeona tatizo limeanza wiki ileile aliyofunga kifaa kipya, na mwenye gari la pili la kwendea kazini.

Njia ya nne: kubadilishana vipuri na gari zima

*Kunasa tatizo.* Nayo inasubiri. Nguvu yake iko kwenye kumisi, ambako jibu huja haraka.

*Vifaa.* Karibu hakuna, ukiwa na rafiki mwenye gari la namna yako.

*Inaona nini.* Kuhamisha koili kutoka silinda moja hadi nyingine ni kipimo halali na cha bure: kumisi kukihama nayo, koili ndiyo. Sensa ya hewa na rilei ya pampu nazo hujaribiwa hivi.

*Inapopotosha.* Vipuri vya kuazima lazima viwe na namba ileile; sensa ya hewa inayofanana kwa macho inaweza kuwa na kipimo tofauti. Na kila ukichomoa soketi unakwangua kutu ya pini zake, hivyo gari hupona kwa wiki moja ukadhani kipuri ndicho kilichoponya. Ukibadilisha kipuri gari likapona, rudisha kile cha zamani ujaribu tena kabla hujalipia kipya.

*Inamfaa* mwenye kundi la marafiki wa magari yale yale. Asiye nalo atageuka kununua kwa kubahatisha, na hapo ndipo njia hii inakuwa ghali kuliko zote.

Chagua kwa hali yako

Gari hulegea likishapata moto, baada ya nusu saa ya barabara kuu: rekodi joto la hewa na muda wa cheche, na safari hiyohiyo fungia geji ya mafuta. Namba hizo zinatenganisha joto na pampu.

Linalegea kwenye kona au tenki likiwa chini ya robo: jaza tenki kwanza. Likipona, fungua tenki uangalie chujio la pampu, data haihitajiki.

Linamisi siku za mvua, au asubuhi yenye unyevu: soketi, ethi na koili. Usiku nyunyiza maji mepesi kwa chupa ya dawa kwenye koili injini ikiwa sailensa, na utazame cheche zinazotoroka. Kubadilishana koili kunatosha hapa.

Linavuta vizuri kwa mguu mwepesi lakini busti haifiki: kipimo cha upepo, kabla ya kitu kingine chochote. Ni kazi ya saa moja. Ukiona hakuna uvujaji, bonyeza kwa mkono paipu iliyo kabla ya tabo.

Linakata ghafla usiku tu: angalia kilele cha busti, kisha unganisha westigeti moja kwa moja kama ilivyoelezwa. Usinunue pampu.

Tatizo limeanza baada ya kufunga kifaa au kupangiwa programu upya: rudisha hicho kimoja, na kama ni programu, mrudie aliyeipanga ukiwa na rekodi ya safari nzuri na mbaya. Bila rekodi mtabishana tu.

Gari ni la miaka ya 1990, halitoi data, na unalitumia kila siku: geji ya mafuta, multimita, kipimo cha upepo, kwa mpangilio huo.

Taa ya cheki enjini ikiwa inamweka, si kuwaka tu, au geji ya upeo mpana ikapita 12.5 ukiwa kwenye busti: hakuna njia ya kuchagua hapo. Ondoa mguu, peleka gari taratibu bila busti hadi lilipo eneo la kazi, na lisikanyagwe tena mpaka kompresheni na mgandamizo wa mafuta vimepimwa.